Mtoto Amekwenda Chuo Kikuu

Mvua za vuli zianzapo nasi twashika majembe, vyuo vikuu navyo hufungua mwaka wa masomo. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria.

Leo kisomo kimetusogelea. Mtakatifu Augustino, Mwanza, ni chuo kikuu cha Maaskofu wetu tangu 1998. Na tangu Juni 2025, apitiaye Geita avuka ziwa juu ya Daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko.

Lakini njia fupi haiondoi shida. Mtoto akifika chuoni hujiandikisha, hutafuta chumba, godoro, ndoo na chakula. Mkopo wa Serikali, ambao wanafunzi huuita "bumu", pengine huchelewa, na wengine hawaupati kabisa. Hapo binti hulala na njaa, naye yu kati ya wageni. Na si kila mgeni amnunuliaye chakula amwonea huruma tu. Nyumbani haelezi, maana aona haya. Husema, "Mimi mzima."

Basi, fedha za maharagwe zisiishe zote katika karamu ya kumuaga. Mwekeeni chakula cha mwezi wa kwanza. Nanyi mkimpigia simu, msiulize masomo tu. Ulizeni pia: "Leo umekula nini, mwanangu?"