INJINI HAIFUNGI KITAMBAA PUANI

Wapo mabwana ambao ukiwatajia habari ya kiwanja cha ndege cha Masasi au cha Newala hukimbilia kuchora jengo. Wanataka ukumbi, vioo, viti vya kungojea, na jiwe la ufunguzi lenye jina la mgeni wa heshima. Sisi twawauliza neno moja tu: ndege ikisha kutua, injini yake itavuta nini?

Twauliza kwa sababu sisi tunakaa juu ya mchanga. Uwanda wa Makonde ni nchi ya udongo mwekundu, na kiangazi kikishika, gari moja likipita huacha wingu lililoning'inia njiani hata wapitao kwa miguu wakafumba macho. Mkulima wa korosho analijua jambo hili kuliko mhandisi. Akienda kupuliza salfa alfajiri hufunga kitambaa puani. Mashine aliyoibeba mgongoni nayo ina chujio lake la hewa, na asipolisafisha itamzimikia katikati ya mikorosho. Lori lipandalo Newala lina chujio. Pikipiki ina chujio. Lakini injini ya ndege kubwa ya abiria haina, maana hewa inayoimeza ni nyingi mno. Chujio la kuitosha lingekuwa kama kuikaba koo.

Basi ndege hulindwa kwa njia nyingine. Zile ndogo aina ya Cessna Caravan, ambazo katika Afrika Mashariki hutua sana kwenye viwanja vya udongo, zina kilango ndani ya njia ya hewa. Rubani akikifungua, hewa hulazimika kukata kona kali kabla ya kuingia katika injini. Hewa ni nyepesi, hugeuka. Mchanga na kokoto ni vizito, hushindwa kona vikatupwa nje. Hiyo ni akili njema. Ila vumbi laini kama unga wa muhogo hugeuka pamoja na hewa likaingia, wala kilango hakizuii kokoto kupiga mapanga ya propela. Ndiyo maana rubani aliyezoea viwanja vyetu hasimami juu ya changarawe akaingurumisha injini. Huanza kwenda, kisha huongeza nguvu polepole. Na akitua, mwendo ukisha pungua, haendelei kuvuta breki kwa kugeuza propela, maana vumbi litarushwa mbele yake naye ataliingia mwenyewe.

Hizo ni hila za rubani. Sisi wenye ardhi tumefanya nini?

Na tusitazame chini tu. Wenzetu wengi hudhani majivu ya volkeno ni habari ya Ulaya. La hasha! Toka Newala, ukielekea mashariki ukavuka bahari kadiri ya kilomita 450, utafika Ngazija, na pale pana mlima Karthala, mita 2,361, ulio hai mpaka leo. Ulilipuka Aprili 2005, ukalipuka tena Novemba mwaka ule ule, ukamwaga majivu vijijini na kuyachafua mabirika ambamo watu hukinga maji ya mvua. Mtu wa Newala, anayejua thamani ya ndoo moja ya maji, hana haja ya kuelezwa msiba huo. Na upepo wa kusi watokea upande gani? Waulizeni wavuvi wa Mikindani. Watawaonyesha kidole kusini-mashariki. Hatusemi majivu yale yalianguka Mtwara. Twasema baharini hakuna ukuta. Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi wa Ethiopia ulilipuka, na majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemeni na Omani, yakafika India na kufuta safari za ndege kule.

Majivu hayo si kama ya jikoni. Ni chembe za mawe na kioo. Joto lililo ndani ya injini latosha kuyayeyusha. Yakipoa kidogo hugandamana na vyuma vya ndani, njia ya hewa ikazibika, injini ikazimika. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways iliingia usiku katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia. Injini zote nne zilizimika, na ndege iliyokuwa juu futi 37,000 ikashuka kimya hata kama futi 13,000 kabla ya injini kuwaka tena. Vioo vya mbele vilikuwa vimesuguliwa hata marubani hawakuona njia vizuri. Rada ya ndege haikuwaonya, kwa sababu rada ile huona matone ya mvua, haioni majivu makavu.

Dawa, basi, ni kutoyaingia, na ili rubani asiyaingie lazima apewe habari mapema. Dunia imegawanywa kwa vituo tisa vya kuangalia majivu angani, na anga yetu inaangaliwa kutoka Toulouse, Ufaransa. Hatuna ugomvi na watu wa Toulouse. Kazi yao ni njema. Lakini Ngazija ni jirani zetu, wana kituo chao cha kuuangalia Karthala, na lugha yao na yetu ni ndugu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania itwambie waziwazi: mlima ule ukitoa moshi leo, Mtwara itajua saa ngapi, na nani atamwambia rubani aliye njiani kwenda Masasi?

Asije mtu akasema haya hayamhusu mtu mdogo. Aprili 2010 mlima wa Iceland ulipozifunga anga za Ulaya, vibarua wa mashamba ya maua Naivasha, Kenya, waliambiwa wabaki nyumbani bila kazi. Hawakuwa na tikiti ya ndege hata mmoja.

Kusini tumekwisha ona gharama ya kudharau udongo. Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga mwaka 1947, huko Kongwa mchanga mkali ulikula majembe ya matrekta yao, na kwetu Nachingwea wakajengewa reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Wataalamu walikuwa tele; aliyeuliza habari ya udongo kwanza hakusikilizwa.

Kwa hiyo twasema: lami kabla ya vioo. Na si lami ya katikati tu, kwa maana upepo wa injini hufagia hata pembeni. Kingo zipandwe majani yashike mchanga. Kiwanja kifagiwe na kukaguliwa kwa miguu kila siku ya ndege, mtu akiinama kuokota. Tarehe 25 Julai 2000, Paris, ukanda wa chuma usiofika nusu mita, ulioanguka kutoka ndege nyingine, ulipasua gurudumu la Concorde, na watu 113 wakafa. Chuma kile kilikuwa juu ya kiwanja cha mji mkuu wa Ufaransa. Sembuse kopo na msumari wetu?

Nanyi wanachama, msidhani twawasema mabwana peke yao. Anayepitisha mbuzi kiwanjani, anayeanika makopa pale kwa kuwa pamenyooka, anayechoma shamba ukingoni siku ya ndege, wote hao wanamziba pumzi mgonjwa wao wenyewe. Rubani akiona uso wa kiwanja haufai hugeuza na kwenda zake, ana haki hiyo, na mama mwenye uchungu atabaki Newala akingoja gari la kumshusha bondeni.

Baraza la halmashauri likikutana kuzungumza habari ya kiwanja, nendeni mkakae. Ulizeni fedha ngapi ni za lami na ngapi ni za jengo. Ulizeni pia jina la mtu atakayeshika ufagio, na mshahara wake utatoka fungu gani.