Wacha Kununua Betri, Pima Kwanza

Kuna sentensi moja inauza betri Nairobi kuliko tangazo lolote: "Boss, hii betri imekufa, tafuta ingine."

Unaijua story. Jioni gari imeegeshwa ikiwa fiti. Asubuhi unazungusha ufunguo, unasikia tik-tik-tik, kwisha. Fundi anafungua boneti, anaangalia sekunde kumi, hukumu imetoka. Hajapima kitu. Unatoa maelfu, betri mpya inaingia, gari inawaka, kila mtu anafurahi. Wiki mbili baadaye: tik-tik-tik.

Msimamo wangu ni huu. Fundi akikuambia ununue betri na hajaweka mita, huyo anabahatisha, na anabahatisha na pesa yako. Betri mpya kwa gari inayonyonya umeme ni kama kujaza maji kwa tenki iliyotoboka. Itajaa, ndio. Halafu?

Najua wengi wenu hamna gari. Lakini ya mzee ikikataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, ni nani huitwa akuje kusukuma? Exactly, ni wewe. So skiza.

Gari ikizimwa hailali kabisa. Saa inatembea, alamu iko macho, redio inakumbuka stesheni, kompyuta inatunza kumbukumbu yake. Hivyo vyote vinakula umeme kidogo, na hiyo ni kawaida. Kwa gari nyingi ni kati ya miliampi 20 na 50. Piga hesabu: miliampi 50 kwa saa 24 ni ampi-saa 1.2. Betri ndogo ya ampi-saa 35 inaweza kuvumilia hiyo wiki mbili bila kulalamika.

Shida ni pale kitu kinakataa kulala. Balbu ya wati 5 kwa buti ambayo swichi yake imekwama inavuta karibu ampi 0.4. Hiyo ni ampi-saa 10 kwa siku. Na taa ya buti hauioni, kwa sababu ukifungua uangalie, ilifaa iwake anyway.

Binamu yangu anaendesha taksi ya app. Gari yake ilimaliza betri tatu ndani ya miezi mitano. Kila betri ni pesa ya siku kadhaa barabarani, na hapo hatujahesabu zile trip za asubuhi za kwenda airport, ambazo ndizo zinalipa vizuri. Garage ilikuwa moja, jibu lilikuwa moja: betri za siku hizi ni feki.

Tuliweka mita. Baada ya nusu saa ilikuwa bado inasoma ampi 0.48. Tukatoa fyuzi moja moja, na tulipogusa ya redio ikashuka hadi 0.03. Mwenye kuweka ile skrini kubwa alikuwa ameunganisha waya nyekundu na ya manjano pamoja. Ya manjano ina umeme saa zote. Nyekundu inafaa kupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Ukiziunganisha, redio inaonekana imezima lakini ndani iko macho usiku kucha. Kuzitenganisha kulichukua dakika ishirini. Betri tatu, wasee. Na kosa lilikuwa waya mbili.

Na hii si bahati mbaya ya mtu mmoja. Gari nyingi huku kwetu zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na sheria inaruhusu ziingie hadi umri wa miaka 8. Zikifika tunaongeza zetu: skrini, alamu, kamera, spika, taa za rangi. Kama ni ya mkopo, mkopeshaji anaongeza traka. Kila mmoja anakata waya mahali pake na kufunga tepu nyeusi. Halafu tunashangaa betri haikai.

Kupima si uchawi. Multimita ya kawaida pale Luthuli unaipata kwa chini ya thao moja. Anza na betri yenyewe. Ichaji ijae, toa terminal ya negativu, iache usiku kucha. Asubuhi ikisoma karibu volti 12.6, betri inashika chaji, mwizi yuko kwa gari. Ikiwa imeanguka sana na haijaunganishwa na kitu, sawa, hiyo imezeeka. Nunua bila kinyongo.

Kisha washa injini upime alterneta. Betri inafaa kusoma kama volti 13.8 hadi 14.5. Ikibaki kwa 12, haichajiwi, na hiyo ni kesi tofauti.

Ukishajua betri iko sawa, tafuta mwizi. Zima kila kitu, toa ufunguo, weka mita kwa ampi 10, halafu iunganishe kati ya terminal ya negativu na waya uliotoka hapo. Usiguse positivu na negativu pamoja mita ikiwa kwa ampi, utapiga shoti. Na usiwashe gari ikiwa hivyo, utachoma fyuzi ya mita.

Sasa ngoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukiunganisha tu, kompyuta za gari zinaamka na mita itasoma ampi kadhaa. Ukikimbilia kutoa fyuzi saa hiyo utashtaki asiye na kosa. Ipe dakika 30, hata 40, bila kufungua mlango. Mita ikitulia chini ya 0.05, gari iko clean. Ikikataa kushuka, toa fyuzi moja moja ukiangalia namba. Ile itakayoangusha namba ndiyo njia ya mwizi, na kifuniko cha boksi kitakuambia inapeleka umeme wapi. Umetoa zote na bado? Angalia alterneta. Diodi zake zikiharibika zinanyonya betri, na waya wake mkubwa haupiti kwa hizo fyuzi ndogo.

Kuna watakaosema, "Mimi hutoa terminal kila jioni, shida iko wapi?" Kama njia ya kukuvusha wiki moja, sawa. Lakini umeme unaokula betri wakati mwingine unapita kwa waya uliochubuka, na hiyo ndiyo namna moto huanza. Kutoa terminal ni kulala na mwizi nyumbani ukiwa umeficha wallet.

Wengine watasema fundi hana saa nzima ya kungoja mita itulie. Kweli kabisa, na hapa sisi wateja tuna makosa. Tunalipa betri maelfu bila kubishana, lakini fundi akisema anataka soo tano za kupima, tunaona ni mwizi. Tunalipia kitu cha kushika mkononi, akili tunataka bure. Kama tunataka mafundi wanaopima, tulipe kupima.

Na hizo betri tunazotupa haraka hazipotei. Ndani kuna madini ya risasi na asidi. Muulize mtu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu hiyo mpaka damuni. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 2024 ilikubaliana na uamuzi huo. Betri nzima iliyotupwa kwa kubahatisha inaishia kwa jirani ya mtu.

So gari ikikataa kuwaka tena na uambiwe betri imekufa, usibishane, usipandishe. Uliza tu swali moja: "Imesoma ngapi?" Kama hana namba, usitoe pesa.