Bikoni Hazigawi Maji

Zungumzia kibali cha kisima katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, utajibiwa kwa neno moja: ulaji. Kiwanja nimenunua kwa jasho langu, fundi namlipa mwenyewe, maji ya bomba yanatoka kwa mgawo. Sasa serikali inanidai ruhusa ya nini? Shimo la choo nalo hujadiliwa hivyohivyo, bwana afya akionekana kama mtu aliyekuja kutafuta nauli ya kurudia. Hasira hiyo ina msingi, ndiyo maana imeenea. Hoja yenyewe haina, kwa sababu inachukulia kwamba bikoni zinazogawa ardhi huku juu zinagawa pia maji kule chini. Hata sheria haisemi hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji yote, ya mtoni na ya ardhini, kuwa mali ya umma. Lakini tuiache sheria, maana anayeidharau hatashawishiwa nayo.

Tupige hesabu. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa maji na usafi ni mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, na kitako cha shimo kikae angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho wakazi wengi wa Manzese au Tandale wangekiona kikubwa. Kutoka kona hadi kona ni mita 28 tu. Kwa hiyo mwenye kiwanja hicho, hata akiweka choo kona hii na kisima kona ile, hafikii kipimo ndani ya ukuta wake mwenyewe, na bado hatujamhesabu jirani wa nyuma ambaye shimo lake la kunyonya huenda liko hatua nne kutoka kisimani. Kweli, mita 30 si amri ya maumbile. Mchanga hupitisha uchafu upesi kuliko mfinyanzi. Hiyo ndiyo sababu ya kumhitaji mtu anayeujua udongo na mwenye ramani ya mtaa mzima. Mwenye kiwanja, awe mwangalifu vipi, anaona upande wake tu wa ukuta.

Wapo wanaosema maji yao ni maangavu na hayana harufu. Maji ya pampu ya Broad Street, London, yalisifiwa vivyo hivyo hadi mwaka 1854, kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 600 katika eneo lile. Wachunguzi walipofukua mwaka uliofuata, walikuta karo la nyumba namba 40 limelegea matofali, chini ya mita moja kutoka kisimani. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amemwaga humo maji aliyolowekea nepi za mtoto wake mgonjwa. Hakuvuka mpaka wa mtu. Alimwaga kwenye shimo la nyumba aliyoishi, kama sisi tunavyodai haki ya kufanya. Wengine watasema wanachemsha. Vizuri, vimelea vitakufa, lakini naitreti inayotoka vyooni haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, naitreti huzidi kukolea, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo ndiye wa kwanza kudhurika.

Pingamizi zito ni la urasimu. Kibali ghali kinachozungushwa miezi huzaa visima vya kimyakimya visivyo kwenye daftari lolote, na kibali kinachoishia kwenye risiti, bila mtu kufika na futi kupima, kinastahili kudharauliwa. Basi tudai kisima cha nyumbani kisajiliwe bure, ukaguzi ufanyike kabla ya sururu ya kwanza, na maji yapimwe baadaye. Pasipotosha nafasi, mkaguzi aje na njia mbadala: tangi la choo lililosakafiwa lisivuje na kunyonywa na gari, kisima kimoja cha pamoja mahali salama, au kisima cha kufulia tu. Hayo yana gharama, na maskini hawezi kuibeba peke yake; hapo ndipo halmashauri inapopaswa kutumia fedha inayokusanya.

Kufuta ukaguzi hakumpunguzii maskini chochote. Kila masika wapo wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, na uchafu hukimbilia waliojenga bondeni, ambao ndio wenye visima vifupi na wasiomudu maji ya boza. Mtaa usio na mkaguzi unabaki na sheria ya aliyetangulia kuchimba, na aliyejenga juu ndiye anayeamua jirani wa chini anywe nini. Anayekiita kibali ulaji ana haki ya kudai risiti ifuatwe na kazi. Hana haki ya kumchagulia jirani maji ya kunywa.