Kinanda cha Mvukuto Kisikutese

Wazee wa Ugweno walifua chuma kwa mivukuto, na Wachagga walipanda kuja kukinunua. Mhunzi hakupigana na mvukuto wake. Aliupa pumzi kwa kipimo. Konsetina, kile kinanda kidogo ambacho Carl Friedrich Uhlig alikitengeneza Ujerumani mwaka 1834, nacho chataka adabu hiyo hiyo.

Wengi huacha kupiga kwa sababu ya maumivu ya mkono, wakidhani hawana kipaji. Mara nyingi kosa ni la ukanda. Ukilegea, kifundo cha mkono hupinda kutafuta vitufe. Ukibana mno, vidole hufa ganzi. Ukaze kiasi cha kushika tu, na vidole gumba vikae nje yake.

Keti juu ya kiti kisicho na mikono. Upande mmoja wa kinanda uutulize juu ya paja la kushoto. Upande wa kuume ndio uuvute na kuusukuma. Mvukuto wenyewe usiulaze gotini, maana utasuguliwa hata utoboke, na fundi wake ni shida kumpata. Pumzi ikikwisha, bonyeza kitufe cha hewa kwa kidole gumba cha kuume, usilazimishe kamwe.

Basi, mzazi, mwanao akisema mkono wamuuma, usimwite mvivu. Utazame ukanda kwanza, kisha mwache apumzike. Kesho atapiga tena kwa furaha.