TUSHAURIANE: Mkiwa Wengi, Pangeni Kabla ya Kuondoka

Mwezi huu tuzungumze juu ya safari ya mjini. Hatusemi safari ya mtu mmoja mwenye mfuko wake begani. Mtu mmoja hakosi pa kulala. Tunasema safari ya familia kubwa: baba, mama, bibi, watoto na mtoto wa mgongoni.

Sisi watu wa Ipililo tunazijua safari hizo. Mgonjwa akipelekwa Mwanza, haendi peke yake. Kijana akimaliza chuo, ukoo mzima unataka kumwona amevaa joho. Harusi ikiwa mjini, nani atakubali kubaki nyumbani?

Kwenda wengi si kosa. Kosa ni kwenda wengi bila mpango.

YALIYOTUPATA SISI

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Alipewa barua ya rufaa na siku ya kufika hospitali Mwanza. Tukaondoka watu 9: mama, mimi na mke wangu, dada yangu, mdogo wangu wa kiume, na watoto 4. Mmoja wa watoto hao alikuwa bado ananyonya.

Asubuhi ile tulibishana juu ya mizigo. Basi la kwanza likatuacha. Tukapanda la mchana. Tulifika stendi ya Nyegezi jua linazama.

Jamaa mmoja alikuwa amenitajia gesti kwa simu. Jina lake nililiweka kichwani. Kusoma najua na kalamu ninayo, lakini sikuandika. Tulichukua bajaji 3. Niliwatajia madereva jina lile kwa mdomo, tukaondoka.

Bajaji 2 zilifika. Ya tatu haikufika. Ndani yake alikuwamo mama na wajukuu wawili. Dereva alipotezana nasi kwenye msongamano wa magari. Akamwuliza mama, "Bibi, ni gesti gani?" Mama akajibu alivyosikia sisi tukisema: "Ni ile yenye geti la bluu."

Ndugu msomaji, mageti ya bluu Mwanza ni mengi. Kijana yule alimpeleka kwenye mageti matatu. Mama hakuwa na simu, wala watoto hawakuwa nayo. Tuliwapata saa 4 usiku. Walikuwa nje ya gesti nyingine, mama amekaa juu ya gunia letu la michembe. Mlinzi alikuwa amewapa maji ya kunywa.

Asubuhi mama alifika hospitali hajalala. Alipopimwa, shinikizo la damu lilikuwa juu. Daktari alisema apumzike kwanza. Upasuaji ukasogezwa siku 2. Siku 2 kwa watu 9 si jambo dogo. Ilibidi tupige simu nyumbani, ikauzwa mbuzi.

Namshukuru Mungu, mama sasa anaona vizuri. Lakini taabu ile tungeweza kuizuia kwa kipande cha karatasi. Basi tushauriane.

1. HESABUNI WATU KWANZA

Kaeni pamoja nyumbani. Chukueni daftari. Andikeni jina la kila anayesafiri. Kila jina lina gharama tatu: nauli, kitanda na chakula.

Kisha ulizaneni: huyu anakwenda kufanya nini? Mgonjwa lazima aende. Mwenye kumwuguza lazima aende. Mtoto anayenyonya humfuata mama yake. Wengine je? Labda wanaweza kuja siku ya mwisho, mgonjwa anapotoka. Jambo hili lisemwe kwa upole. Mzee asijione amefukuzwa.

Ukinunua tiketi, isome hapo hapo. Tazama tarehe, saa, idadi ya watu na mahali pa kushuka. Ikiwa kuna kosa, lisahihishwe kabla hujaondoka dirishani.

2. JUENI MTASHUKIA WAPI

Zamani wazee wetu waliokwenda Mwanza walipanda gari moshi Malampaka. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Stesheni iko mjini, karibu na ziwa. Mtu akisema "nipokeeni stesheni", hakupotea.

Siku hizi wengi tunapanda mabasi. Kutoka Maswa mjini kuna njia mbili za kwenda Mwanza. Njia moja hupita Mwigumbi, kisha hufuata barabara kuu ya kutoka Shinyanga. Njia hiyo huingilia upande wa Nyegezi. Njia nyingine hupita Bariadi, Lamadi na Magu. Hiyo huingilia upande wa Nyamhongolo. Stendi hizi mbili ziko pande mbili za jiji. Ukimwambia ndugu yako "nisubiri stendi", atauliza stendi ipi. Mwambie kabla hajauliza.

Na wale wanaokwenda Dar es Salaam wakumbuke kwamba mabasi ya mikoani hayaishii tena Ubungo kama zamani. Tangu mwaka 2021 kuna stendi kuu ya Magufuli, Mbezi Luis. Hapo ni mbali na katikati ya jiji. Bado mna safari nyingine mbele yenu, na nauli nyingine.

Jitahidini kufika mchana. Mchana mnaweza kukagua chumba, na mkikikataa mnaweza kutafuta kingine. Usiku familia yenye watoto waliochoka hukubali chochote. Wapiga debe wanalijua hilo.

3. ULIZENI KABLA YA KUWEKA MZIGO CHINI

Mtumeni mtu mzima mmoja aingie gesti. Wengine wasubiri na mizigo. Akiingia, aulize haya:

Bei ni ya chumba au ni ya mtu? Chumba kimoja kinaruhusiwa watu wangapi? Watoto wanahesabiwa? Godoro la ziada lipo, na linalipiwa? Maji yanatoka muda wote? Chandarua kipo? Lango linafungwa saa ngapi? Siku ya kuondoka, chumba kirudishwe saa ngapi? Gesti nyingi husema saa 4 asubuhi. Ukipitisha, unaweza kudaiwa siku nyingine.

Mwanza kuna swali moja zaidi. Jiji lile ni la mawe na vilima. Nyumba nyingi zimepanda mlimani, na gari huishia chini. Ulizeni kama bajaji inafika mlangoni. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kupanda mawe mara mbili kwa siku. Hospitali ya Bugando yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko juu ya kilima.

Mkikubaliana, mtaandikwa katika kitabu cha wageni. Chukueni vitambulisho. Mkilipa, daini risiti. Isomeni.

Na jambo la simu: usitume pesa za chumba kwa mtu usiyemjua, eti "tuma kwenye namba hii nikuwekee nafasi". Mwombe ndugu au mwanakijiji mwenzako aliyeko mjini aende akaone chumba kwa macho yake.

4. CHUMBA RAHISI HUWEZA KUWA GHALI

Hapa tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu.

Tuseme mko watu 9 kwa usiku 4. Gesti ina vyumba vya shilingi 20,000. Mnahitaji vyumba 3. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa usiku. Kwa usiku 4 ni 240,000. Gesti haina jiko, basi mnakula kwa mama lishe. Sahani ni shilingi 2,000. Watu 9 mara 2 kwa siku ni shilingi 36,000. Siku 4 ni 144,000. Jumla yote ni shilingi 384,000.

Sasa tuseme mmepata nyumba nzima ya kukodi kwa siku, yenye vyumba na jiko. Ni shilingi 70,000 kwa usiku. Usiku 4 ni 280,000. Mtasema ni ghali. Lakini mnapika wenyewe. Unga, mboga, dagaa na mkaa ni shilingi 15,000 kwa siku. Siku 4 ni 60,000. Jumla yote ni shilingi 340,000.

Mmeokoa shilingi 44,000. Tena mmelala chini ya paa moja, na mgonjwa amepikiwa uji wake saa anayoutaka. Mkibeba mchele na michembe kutoka nyumbani, mtaokoa zaidi.

Ziko pia hosteli za makanisa na za taasisi nyingine. Baadhi zina vyumba vyenye vitanda vingi. Ulizeni kwa mchungaji, padri au shehe wenu kabla ya kuondoka.

5. MJINI MSITAWANYIKE

Bajaji ni ya abiria 3. Watu 9 ni bajaji 3, na hapo ndipo familia inapogawanyika. Mkiweza, kodini Hiace au Noah. Patana bei kabla ya kupanda. Sema hivi: "Ni bei gani wote na mizigo yote mpaka mlangoni?" Usikubali bei ya kichwa, halafu mizigo idaiwe mwisho wa safari.

Mkilazimika kugawanyika, kila kundi liwe na mtu mzima mwenye simu. Na kila mmoja, hata mtoto, awe na karatasi mfukoni. Karatasi iandikwe jina la gesti, mtaa, jengo linalojulikana lililo karibu, na namba 2 za simu. Asiyejua kusoma ataionyesha kwa anayejua. Sisi tungekuwa na karatasi hiyo, mama asingekaa juu ya gunia.

NA KUFIKIA KWA NDUGU JE?

Wengine watasema: kwa nini tulipe gesti, na tuna ndugu mjini? Ni kweli, undugu ni jambo kubwa. Lakini mfikirieni ndugu huyo. Pengine amepanga chumba na sebule. Choo anashirikiana na wapangaji wengine. Maji ananunua kwa ndoo. Watu 9 wakimfikia ghafla, hawezi kuwafukuza wala hawezi kuwalisha.

Mpigieni simu mapema. Mwambieni idadi ya kweli, msiifiche. Mwulizeni anaweza kupokea wangapi. Labda atasema bibi na watoto walale kwake, wengine walale gesti ya jirani. Huo ni msaada mkubwa. Nanyi msiende mikono mitupu. Mgeni aliyekuja na debe la mchele hata jirani humsifu.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, wengi wetu tunapata pesa mara moja kwa mwaka, pamba ikiuzwa. Pesa ya safari ya hospitali haitokani na ziada. Hutokana na mbuzi, na gunia, na deni. Ikipotea stendi, mgonjwa ndiye anayekosa dawa.

Kusoma na kuandika si kwa ajili ya darasani tu. Ni kwa ajili ya siku kama ile. Mwaka huu mama alitakiwa kurudi Mwanza kukaguliwa jicho. Jioni kabla ya safari alinifuata na kalamu. Akaniambia, "Niandikie karatasi yangu, na uniandikie kubwa niione." Niliiandika. Aliisoma mwenyewe mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Tulikwenda watu 3. Tulifika saa 8 mchana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika familia yako, nani lazima aende na mgonjwa mjini? Nani anaweza kubaki?
2. Mko watu 7. Chumba ni shilingi 15,000 na kinaruhusu watu 2. Mtalipa shilingi ngapi kwa usiku 3?
3. Andika karatasi ya safari ya mtoto wako. Mpe mwenzako aisome. Je, ameelewa mahali mnapolala?