Acheni Kuwafundisha Vijana Namna ya Kuingia Mlangoni

Kila msimu wa ajira ukifika, mafundisho ni yale yale. Kwenye semina za vyuo, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, kijana anaambiwa kwamba kazi hupatikana au hukosekana ndani ya dakika ya kwanza. Gonga mlango, ingia wima, toa mkono kwa nguvu, mtazame msaili machoni, tabasamu. Ukiharibu hapo, anaambiwa, hata ujibu vizuri namna gani umeshakwenda na maji.

Sipingi usafi wala kuwahi. Ninachopinga ni imani kwamba ile dakika ya kwanza inaonyesha nani ataiweza kazi, na kwamba ni wajibu wa msailiwa kuishinda. Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watu.

Kweli, binadamu hupima haraka. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba mtu akiiona sura ya mgeni kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, tayari ameshaamua kama mwenye sura hiyo ni wa kuaminika au la. Wahubiri wa dakika ya kwanza huyashangilia matokeo kama haya. Lakini kuamua haraka si kuamua sawasawa. Utafiti ule unatueleza udhaifu wa anayetazama, wala hauelezi lolote juu ya uwezo wa anayetazamwa. Sisi tumeuchukua udhaifu wa msaili tukaufanya somo la msailiwa.

Wapo pia wanaosimama mbele ya wahitimu na kutangaza kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni lugha ya mwili, 38 ni sauti, na maneno ni 7 tu. Takwimu hizo zinatokana na kazi za Albert Mehrabian za mwaka 1967, ambapo watu walisikilizishwa neno moja moja na kuonyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji anampenda au anamchukia anayezungumza naye. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo yasiyo ya hisia. Mhandisi anayeeleza kwa nini daraja limepata ufa hazungumzi kwa asilimia 7.

Sasa tazameni kilichotokea Houston. Mwaka 1979 Bunge la jimbo la Texas liliitaka shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini humo iongeze wanafunzi wapya kutoka 150 hadi 200, wakati uteuzi ulikuwa umekwisha. Shule ilikuwa imewasaili waombaji wapatao 800 na kuwapanga kwa alama. Wa juu walikuwa wameshachukuliwa, kwa hiyo wale 50 wa nyongeza ikabidi watolewe chini ya orodha, miongoni mwa watu ambao wengi wao hakuna chuo kingine kilichokuwa kimewataka. Wakasoma pamoja na wenzao waliolipendeza jopo. Watafiti waliwafuatilia hadi mwaka wa kwanza wa mafunzo baada ya kuhitimu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1987: makundi mawili hayakutofautiana, si darasani, si wodini, si katika idadi ya walioacha masomo. Walipochunguza kilichowaweka hao 50 mkiani tangu mwanzo, waliona sehemu kubwa ni jinsi walivyoonekana kwenye usaili.

Watu 50 walikuwa wanyimwe udaktari kwa sababu ya chumba kimoja na mazungumzo mafupi. Ni Bunge lililowaokoa, na kwa bahati tu. Hapa kwetu Tanzania, nani huwaokoa?

Na huku kwetu hukumu ya dakika ya kwanza ina ubaguzi wake. Mtoto aliyelelewa vizuri Ukerewe au Newala amefundishwa kwamba mbele ya wakubwa unainamisha macho, unapunguza sauti, unasubiri uulizwe. Akifanya hivyo mbele ya jopo, anaandikiwa kwamba hajiamini. Heshima aliyofunzwa na bibi yake inageuka kasoro. Mwenzake aliyesoma shule ya kulipia, ambako tangu darasa la kwanza alizoezwa kusimama na kujieleza kwa Kiingereza, anaonekana kiongozi kabla hajajibu swali. Suti nayo ina gharama. Yupo anayesafiri kwa basi usiku kucha kwenda Dodoma, akafikia stendi, akabadilisha nguo chooni na kuingia kwenye usaili na shati lenye mikunjo ya begi. Mnapompima kwa mwonekano, mnaipima nauli aliyokuwa nayo.

Niliwahi kukaa kwenye jopo lililotafuta mhasibu msaidizi. Aliingia binti ameinamisha kichwa, akatuamkia shikamooni kwa sauti ambayo aliyekaa mwisho wa meza hakuisikia. Kabla hajakaa, mwenzangu mmoja alikuwa ameshaandika: hajiamini. Tulikuwa tumeandaa daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki, tofauti kati yake ikiwa shilingi 27,000. Kijana aliyemtangulia, mwenye suti nzuri na maneno mazuri zaidi, alitueleza kwa kirefu umuhimu wa uwajibikaji, tofauti akaiacha pale pale. Binti aliomba kalamu. Pembeni mwa karatasi akagawanya 27,000 kwa tisa. “Inagawanyika,” akasema, “nadhani kuna mahali tarakimu zimepishana.” Akashusha kidole kwenye safu hadi akasimama: benki ilisoma 163,000, daftari liliandikwa 136,000. Huyo ndiye mhasibu. Bila ile karatasi, habari yake ingeishia kwenye lile neno moja la mwenzangu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nasi tunaendelea kuajiri mkakasi.

Najua nitakachojibiwa: dunia ndivyo ilivyo, acha vijana wajiandae. Haya, tupige hesabu. Mwaka 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 zaidi ya watu 135,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato (TRA). Wote wakitoa mkono kwa nguvu ile ile na tabasamu lile lile, nafasi haziongezeki hata moja. Aliyefaidika ni aliyetoza ada ya semina.

Wengine watasema kazi ya mapokezi au mauzo inahitaji mvuto. Sawa, mpeni mwombaji mteja mwenye hasira mumwone anavyomtuliza. Hiyo ni kazi yenyewe.

Namna nzuri ipo na wala haihitaji fedha nyingi. Paul Sackett na wenzake, walipopitia upya mwaka 2022 tafiti za miongo mingi, waliona mahojiano yaliyopangwa, yenye maswali yale yale kwa kila mtu na alama zilizoainishwa, yanaongoza njia zote za kutabiri utendaji. Yale ya kuzungumza tu na kusikilizia moyo yalikuwa mbali nyuma. Sekretarieti ya Ajira imeshaweka mtihani wa mchujo wa kuandika, na kwa kada kama udereva, usaili wa vitendo. Kampuni nyingi binafsi, na mashirika yanayojisifu kwa weledi, bado huita watu watatu mezani na kuanza na “hebu tueleze kidogo kuhusu wewe”.

Wanaokaa kwenye majopo, basi, waandike maswali kabla. Kila mmoja atoe alama jibu kwa jibu, kimya, kabla ya kusikia mwenzake anasemaje. Mwalimu afundishe, fundi apewe kifaa kilichoharibika, karani apewe barua ya kujibu. Na ule mstari wa “mwonekano” kwenye karatasi ya alama, kama hakuna anayeweza kueleza unahusiana vipi na kazi iliyotangazwa, ufutwe kabla mtu wa kwanza hajaitwa ndani.