Mtoto Hapewi Talaka

Sisi walimu twaona darasani mengi yasiyosemwa barazani. Wazazi wakiachana, habari hutufikia upesi: shati lililotatuka halishonwi, daftari likiisha halinunuliwi jingine, na saa ya kula mtoto huaga kwamba aenda kunywa maji, ili wenzake wasimwone hana kitu. Ada ya shule ya msingi ya serikali haitozwi katika Tanzania. Lakini ada si sare, wala si daftari, wala si uji.

Ukimwuliza baba yake, hujibu: "Mama yake ndiye aliyeondoka. Mtoto akitaka kula, arudi kwangu." Neno hili twalisikia mara nyingi, na wazee hutikisa vichwa kulikubali. Sisi twalikataa. Je, mtoto ndiye aliyegombana? Kosa la mke, kama lipo, ni shauri la mume na mke. Tumbo la mtoto halikushitakiwa.

Wako wadhanio kwamba sheria i upande wao. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamwagiza mwanamume awatunze watoto wake, wakiwa kwake au kwa mtu mwingine, kwa makao, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake. Baba akiwa amekufa, au hajulikani aliko, au hawezi, wajibu humwangukia mama. Tena yahesabu kuwa mtoto wa chini ya miaka saba afaa kukaa na mama yake, mpaka ionekane vinginevyo. Basi asemaye "arudi kwangu ndipo ale" aweka sharti ambalo sheria haikuliweka.

Wengine huuliza: "Ni kiasi gani basi?" Zamani jibu lilikuwa baya. Sheria ya kale juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, fedha hiyo haikutosha hata kilo moja ya unga. Sasa mahakama hutazama mapato na mali ya wazazi wote wawili, udhaifu wowote uwazuiao kupata riziki, wajibu wao kwa watoto wengine, gharama ya maisha mahali akaapo mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Mwenye shamba dogo hadaiwi kama mwenye duka. Walakini uchache wa mali haumpi baba ruhusa ya kumsahau mwanawe. Na hali ikibadilika, amri yaweza kubadilishwa.

Twawalaumu wazee wamalizao shauri kwa gunia moja la mahindi. Mtoto hali mara moja! Twawalaumu na kina mama wapokeao matunzo huku wakimficha mtoto asimwone babaye. Chakula si kodi ya kumwona mtoto, wala mtoto si rehani ya chakula.

Nasi twajilaumu pia. Harusi ikikaribia, twakaa kamati, twaandika michango ya kila mtu hata senti ya mwisho. Ndoa ivunjikapo, hakuna hata mmoja wetu ashikaye kalamu. Kwa nini tuihesabu sherehe ya siku moja, tusihesabu maisha ya miaka mingi?

Basi yatupasa hivi: kabla baraza halijaondoka, liandikwe mtoto ahitaji nini kwa mwezi, unga, sabuni, nguo, daftari, dawa, nani atatoa nini, na siku gani. Baba akikataa, mama aende kwa afisa wa ustawi wa jamii, kisha mahakamani, na mtu asimwite mwenye kiburi. Yeye hadai chake. Adai cha mtoto.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo ni ya watu wawili, hata wakilala katika nyumba mbili. Mume aweza kumwacha mke, na mke aweza kumwacha mume. Lakini hakuna hati iwezayo kumfanya mtu asiwe baba. Deni hilo dawa yake ni moja, kulipa.